Kujifungia Mlango wa Kamari: Historia Fupi na Swali kwa Kanisa

Muumini mmoja wa hapa Ipinda, baada ya kuuza kakao yake, alituletea laini yake ya simu akaomba tumtunzie. Ada ya mtoto ilikuwa imekwenda yote katika mikeka ya kubashiri mpira. Tuliipokea laini ile, tukaomba pamoja naye. Mwezi haukuisha, akasajili laini nyingine. Tunaeleza habari hii kwa ruhusa yake, kwa kuwa alichokitafuta kwetu ni jambo ambalo mataifa kadhaa yameliwekea utaratibu.

Zamani mcheza kamari aliyetaka kujizuia aliandikisha jina lake katika nyumba ya kamari, ili akataliwe mlangoni. Lakini aliyekataliwa katika nyumba moja aliweza kuingia ya jirani. Na intaneti ilipoenea, milango ikawa haihesabiki. Ndipo likaja daftari moja la taifa. Denmark ililianzisha mwaka 2012, na Sweden mwaka 2019, nchi mbili zenye urithi wa Kilutheri. Huko Uingereza mpango uitwao Gamstop ulianza mwaka 2018, na tangu 31 Machi 2020 kampuni za kamari za mtandaoni zenye leseni zililazimika kujiunga nao. Anayejiandikisha huchagua muda, usiopungua miezi 6, na kabla muda huo haujaisha hawezi kulifuta jina lake.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka Bodi ya kuisimamia michezo hiyo. Huduma ya fedha kwa simu ilipoenea baada ya mwaka 2008, kamari ilipata njia ya kumfikia mkulima shambani mwake. Lakini tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Basi msingi wa kumtambua anayeomba kuzuiwa upo.

Je, si udhaifu wa imani kutafuta msaada wa daftari? Katika Hesabu 6 Mnadhiri hakuepuka divai tu, bali hata zabibu, kokwa na maganda yake. Na siku zake zilipotimia alifika mbele ya kuhani, mlangoni pa hema. Alikaa mbali na jaribu, na ahadi yake ilikuwa na shahidi. Ni kweli kwamba Luther, mwaka 1521, aliandika kupinga nadhiri za watawa. Lakini alichokipinga ni nadhiri inayodhaniwa kumpatia mtu haki mbele za Mungu. Ua hauokoi. Hata hivyo, mwenye shamba la mpunga hauchukii ua kwa sababu hauoti mpunga.

Daftari nalo lina mipaka: humzuia mwenye jina, wala halimzuii anayeazima simu ya mkewe, wala haliifikii kampuni isiyo na leseni. Kwa hiyo tunawasihi wachungaji wenzetu mambo mawili. Tuwaombe wenye mamlaka waimarishe mlango huo kwa nchi nzima. Nasi tusibaki watunza laini tu. Tumkalishe ndugu huyo pamoja na mkewe na mzee wa kanisa mmoja, wahesabu fedha ya mavuno kwa pamoja, kabla haijaingia katika simu.