Deni la Mbwa

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtu apitaye pwani huliona jahazi likielea akafurahia tanga lake, asimkumbuke fundi aliyeshinda juani na tezo mkononi. Ndivyo ilivyo katika elimu ya uganga. Kila dawa tuionayo leo ina mafundi wake, na mara nyingine ina wahanga wake, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Katika insha hii, msomaji, nataka tufuatane katika historia ya dawa moja mpya, nayo ni dawa ya seli shina anayotiwa mbwa mwenye baridi yabisi ya viungo. Huenda ukauliza mbwa ana nini hata aandikiwe historia. Swali hilo ni la haki, nami natumaini kwamba utakapofika mwisho utakuwa umelipatia jibu wewe mwenyewe.

Kwanza tuujue ugonjwa. Mahali mifupa miwili inapokutana, ncha zake zimevikwa gegedu, kitu cheupe chenye utelezi kinachozuia mfupa usisuguane na mwenziwe. Miaka inapopita, au kiungo kinapokuwa hakikuumbika sawasawa tangu utoto, gegedu hulika kidogo kidogo. Kiungo huvimba, hukazana na kuuma. Mbwa aliyekuwa akiruka ua kwa mruko mmoja huanza kuchechemea. Asubuhi huinuka kwa taabu, na ngazi mbili tatu humshinda. Tena gegedu halina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo likilika halioti upya kwa wepesi kama ngozi iliyochunika. Hapo ndipo penye fumbo lililowasumbua waganga kwa karne nyingi.

Kwa muda mrefu binadamu alijua kuyatuliza maumivu, lakini hakujua kukirudisha kilicholika. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliwaandikia wataalamu wa Royal Society ya London habari za gome la mti mmoja uotao kando ya mito, ambalo alilisaga akawapa wagonjwa wa homa wakapata nafuu. Uchunguzi wa gome la namna hiyo uliendelea miaka mingi, na mwaka 1897 wanakemia wa Ujerumani wakatengeneza aspirini. Wakati huohuo uganga wa wanyama nao ulikuwa ukijijenga. Mwaka 1761 Claude Bourgelat alipewa ruhusa ya kuanzisha shule ya uganga wa mifugo katika mji wa Lyon, Ufaransa. Shabaha yake kubwa ilikuwa kupambana na sotoka, gonjwa lilelile ambalo katika miaka ya 1890 liliwaangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji mikono mitupu. Ng'ombe na farasi walihesabiwa kuwa mali, lakini mbwa hakuhesabiwa hivyo, naye ilimbidi angoje zamu yake. Ilikuwa mwaka 1935 ndipo daktari Gerry Schnelle wa Boston, Marekani, alipoandika habari za mbwa ambaye vichwa vya mifupa ya mapaja yake havikukaa barabara katika nyonga. Kasoro hiyo leo inajulikana kuwa chanzo kikubwa cha baridi yabisi kwa mbwa wenye miili mikubwa.

Sasa tugeukie upande wa pili wa habari yetu, yaani upande wa seli. Mwaka 1665 Robert Hooke, Mwingereza, alitazama kipande chembamba cha kizibo kwa hadubini, akaona vyumba vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki. Akaviita seli. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alionyesha kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Theodor Schwann akaonyesha kwamba wanyama nao ni hivyohivyo. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akafundisha kwamba kila seli huzaliwa na seli iliyotangulia. Hatimaye mwaka 1868 Ernst Haeckel, Mjerumani pia, akatumia neno ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita seli shina. Neno hilo lilichaguliwa kwa busara, maana kutoka shina moja hutoka matawi, majani, maua na matunda. Kwa maana ya leo seli shina ni ile ambayo bado haijashika kazi maalumu: yaweza kujizaa yenyewe, na yaweza kuzaa seli nyingine zenye kazi mbalimbali.

Mpaka hapo lilikuwa jambo la vitabuni tu. Lililolitoa vitabuni ni msiba mkubwa. Mwezi Agosti mwaka 1945 mabomu mawili ya atomiki yaliangushwa juu ya miji ya Hiroshima na Nagasaki katika Japani. Wengi waliteketea papo hapo. Wengine walionekana kuwa wazima, kisha baada ya majuma kadha miili yao ilidhoofika, wakatokwa na damu, wakafa. Mionzi ilikuwa imeua uboho ndani ya mifupa yao, na uboho ndio kiwanda cha damu. Ndipo wataalamu walipojiuliza kwa bidii kubwa: je, uboho wa kiumbe mmoja waweza kupandikizwa katika mwili wa kiumbe mwingine, ukashika na kuota?

Miongoni mwa waliolishika swali hilo alikuwa daktari E. Donnall Thomas, aliyefanya kazi katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, tangu mwaka 1955. Yeye na wenzake walifanya majaribio yao kwa mbwa. Mbwa ana mwili mkubwa kuliko panya, damu yake inatofautiana kwa ukoo kama ya watu, na huzaa watoto wengi kwa mimba moja, hata ndugu na ndugu wakaweza kulinganishwa. Mbwa hao walipigwa mionzi mpaka uboho wao ukafa, kisha wakatiwa uboho wa mbwa wengine. Wengi walikufa. Kwa baadhi yao uboho haukushika. Kwa wengine ulishika, lakini ukaugeukia mwili ulioupokea na kuushambulia. Wachache waliishi. Majaribio ya kwanza kwa wanadamu nayo yalishindwa karibu yote, na madaktari wengi wakakata tamaa. Walakini Thomas hakuacha. Mwaka 1963 alihamia Seattle, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba ndugu wa tumbo moja ambao damu zao zimechunguzwa na kuonekana kulingana walipokea uboho kwa usalama zaidi. Kwa elimu hiyo iliyopatikana kwa mbwa, watu maelfu kwa maelfu wenye saratani ya damu wameokolewa tangu wakati ule. Mwaka 1990 Thomas alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na daktari Joseph Murray. Hakuna tuzo iliyotundikwa shingoni mwa mbwa.

Hapa, msomaji, sitaki upite haraka. Mbwa wale hawakuulizwa kama wanakubali. Walio upande mmoja husema kwamba mtoto aliyepona saratani ni jibu la kutosha. Walio upande wa pili husema kwamba wema aupatao mmoja hauufuti uchungu aliotiwa mwingine. Sheria nayo ilichelewa kusema neno. Ilikuwa mwaka 1966 ndipo Marekani ilipopitisha sheria ya nchi nzima ya kuwalinda wanyama wa maabara, baada ya watu kughadhibika kwa habari za mbwa walioibwa majumbani na kuuzwa kwa ajili ya majaribio. Mimi naona kwamba pande zote mbili zina ukweli, na kwamba mtu mwenye haki huubeba ukweli wote wawili pamoja, hata kama mzigo ni mzito. Aliyefaidika na uchungu wa mwingine ana deni.

Wakati Thomas akihangaika na mbwa, wataalamu wawili wa Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch, walikuwa wakiwachunguza panya waliopigwa mionzi na kutiwa uboho. Waliona juu ya wengu za panya hao vinundu vidogo, na mwaka 1961 wakaandika kwamba hesabu ya vinundu ilifuatana na hesabu ya seli zilizotiwa. Miaka miwili baadaye, wao na Andrew Becker walithibitisha kwamba kila kinundu kimetokana na seli moja tu. Basi seli shina ikawa kitu kinachoweza kuhesabiwa. Katika nchi za Kisovieti, Alexander Friedenstein aligundua kwamba ndani ya uboho zimo pia seli za namna nyingine, ziwezazo kujenga mfupa. Mwaka 1991 Arnold Caplan wa Marekani akazipa seli za jamii hiyo jina la seli shina za mesenkaima, na mwaka 2001 wataalamu wa Marekani wakaonyesha kwamba zapatikana pia katika mafuta ya mwili. Jambo hilo lilirahisisha kazi, kwani ni vyepesi kuchota mafuta chini ya ngozi kuliko kutoboa mfupa.

Kutoka hapo elimu ilirudi kwa wanyama, safari hii kwa faida yao. Mwaka 2003 wataalamu wa Uingereza, Roger Smith akiwa mmoja wao, walieleza jinsi walivyotia seli za namna hiyo katika kano iliyoumia ya farasi. Mwaka 2007 ikatangazwa habari ya majaribio katika Marekani juu ya mbwa 21 wenye baridi yabisi ya nyonga. Mafuta ya mbwa mwenyewe yalichukuliwa, seli zikatengwa, zikadungwa ndani ya kiungo kinachouma. Wengine walidungwa maji yasiyo na seli, wala wapimaji hawakuambiwa nani amepewa nini. Waliopata seli walipungukiwa na kuchechemea kuliko wenzao.

Lakini kipya kinyemi, ingawa ni kidonda. Sikiliza habari ya majaribio mengine yaliyotangazwa mwaka 2016, ambayo mbwa 93 waliingizwa. Baada ya siku 60, kwa maelezo ya wenye mbwa, waliopata nafuu miongoni mwa waliotiwa seli walikuwa kama 79 katika kila 100. Na miongoni mwa waliotiwa maji matupu walikuwa kama 55 katika kila 100. Itazame vizuri hesabu hiyo. Zaidi ya nusu ya mbwa wasiopewa dawa yoyote walisemwa kuwa wamepata nafuu! Basi sehemu iliyo ya dawa yenyewe si 79, bali ni tofauti tu, yaani kama 24.

Yawezekanaje? Baridi yabisi ina siku zake mbaya na siku zake njema, na mtu humpeleka mbwa wake kwa daktari siku zikiwa mbaya. Tena ampendaye mbwa wake hutamani apone, na macho ya mwenye kutamani huona anachokitafuta. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza habari ya mbwa 58 ambao hawakupewa dawa, wakayalinganisha maneno ya wenye mbwa na vipimo vya bamba linalopima uzito ambao mguu unakanyaga. Mara nyingi wenye mbwa, na hata madaktari, waliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Bamba lile halina tamaa wala huruma. Mbwa naye hana ulimi wa kusema, "Bado naumwa."

Kwa hiyo wenye elimu wa kweli wamekuwa waangalifu katika maneno yao. Hapo mwanzo ilidhaniwa kwamba seli zikidungwa hugeuka kuwa gegedu jipya. Siku hizi wengi huamini kwamba kazi yao kubwa ni kutoa kemikali zinazopunguza uvimbe na kuamsha seli za mahali pale, kama mjumbe apigaye mbiu, wala si kama mwashi ajengaye ukuta. Caplan mwenyewe, aliyelitunga lile jina la mwaka 1991, aliandika mwaka 2017 kwamba wakati umefika wa kulibadili, kwa kuwa linawapotosha watu. Ni wachache wawezao kulivunja jina walilojengea sifa yao. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya mbwa wenye baridi yabisi ya nyonga au ya kiwiko, iliyotengenezwa kwa seli za kiungamwana cha farasi, yaani ile kamba imwunganishayo mwana na mamaye tumboni. Dawa hiyo hupunguza maumivu na kuchechemea. Anayemwambia mwenye mbwa kwamba itamrudishia mnyama wake ujana hatoi habari, anafanya biashara.

Sasa nalirudia swali letu la mwanzo: mbwa ana nini hata aandikiwe historia? Umeona ya kwamba katika miaka ya kiza mbwa alitoa uboho wake na uhai wake, na binadamu akapata dawa. Umeona pia kwamba tawi la elimu hiyohiyo sasa linamrudia mbwa katika uzee wake, ijapokuwa si kwa ukamilifu. Wema hauozi, lakini haulipwi kwa maneno matamu. Mnyama asiyeweza kusema hulipwa kwa kupimwa kwa haki, kwa kupewa dawa iliyothibitishwa, na kwa kutofanywa chambo cha kuwavulia wenye huruma fedha zao. Ikiwa siku moja wewe, msomaji, utakuwa mganga wa wanyama au wa watu, na mgonjwa akaletwa mbele yako asiyeweza kujieleza, mpime kwanza kabla ya kutangaza kwamba amepona.