Mafaili ya mhasibu yaliyomtia hatiani Hissène Habré

Katika jiji la N'Djamena, mji mkuu wa Chad, palikuwa na bwawa la kuogelea lililojengwa zama za Wafaransa. Utawala wa Hissène Habré ulilifunika kwa zege, ukaligawa vyumba na kuligeuza gereza. Watu waliendelea kuliita Piscine, yaani bwawa. Polisi wa siri, DDS, waliwarundika humo watu waliotuhumiwa kuwa wapinzani, na manusura wamesimulia jinsi walivyolala ubavuni mwa maiti za wenzao.

Habré alitwaa madaraka Juni 1982, akiungwa mkono na Marekani na Ufaransa zilizomtaka amzuie Gaddafi wa Libya. Idriss Déby alimpindua Desemba 1990. Tume ya uchunguzi ya Chad ilikadiria mwaka 1992 kwamba watu waliokufa mikononi mwa utawala huo huenda walifika 40,000. Wakati huo Habré alishatulia Dakar, Senegal, akiishi kwa raha zake.

Miongoni mwa walioachiwa huru siku alipokimbia alikuwamo Souleymane Guengueng, mhasibu wa Tume ya Bonde la Ziwa Chad, aliyekaa kizuizini zaidi ya miaka miwili. Akiwa gerezani alimwapia Mungu kwamba akitoka hai atapigania haki. Alitoka, akaanza kuwafuata wajane na manusura mmoja mmoja, akiandika maelezo yao mpaka yakafika ya watu 792. Vitisho vilipozidi, aliyaficha mafaili hayo nyumbani kwake kwa miaka. Kwangu mimi, kesi hii ilianzia hapo, kwa mhasibu aliyeweka hesabu ya wafu.

Oktoba 1998 polisi wa London walimkamata Augusto Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, kwa hati iliyotolewa na jaji wa Hispania. Watu wa Chad wakajiuliza: kwa nini si Habré? Januari 2000 walifungua malalamiko Dakar, na siku chache baadaye jaji wa Senegal akamfungulia mashtaka. Furaha haikudumu. Machi 2001 mahakama ya juu ilisema sheria za Senegal haziiruhusu kusikiliza kesi ya mateso yaliyofanyika nje ya nchi, ingawa Senegal ilikuwa imeridhia Mkataba dhidi ya Mateso tangu mwaka 1986.

Waathiriwa wakageukia Ubelgiji. Mwaka huohuo wa 2001, maelfu ya nyaraka za DDS yalikutwa yametapakaa sakafuni katika makao yake ya zamani N'Djamena. Zilikuwa na majina ya watu 1,208 waliokufa kizuizini. Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata Habré mwaka 2005, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukaitaka Senegal imhukumu "kwa niaba ya Afrika". Senegal ilizidi kusuasua hadi Julai 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru imshtaki bila kuchelewa, la sivyo imkabidhi kwa wengine.

Hapo ndipo ilipoundwa Mahakama Maalumu ya Afrika ndani ya mfumo wa mahakama za Senegal, na jopo la hukumu likaongozwa na jaji kutoka Burkina Faso, Gberdao Gustave Kam. Habré aligoma kuitambua, akaletwa ukumbini kwa nguvu. Mashahidi 93 walisikilizwa, wakiwamo wanawake waliosimulia, mbele ya taifa zima lililokuwa likitazama kwenye televisheni, jinsi walivyobakwa. Mei 30, 2016 alihukumiwa kifungo cha maisha, na rufaa ikathibitisha adhabu hiyo Aprili 2017. Kabla ya hapo haikuwahi kutokea duniani mahakama za nchi moja kumtia hatiani mtawala wa zamani wa nchi nyingine kwa ukiukaji wa haki za binadamu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua uchungu wa upande wa pili. Idi Amin wa Uganda alifia Jeddah Agosti 2003 bila kusimama mbele ya hakimu yeyote.

Habré alifariki Dakar Agosti 2021, akiwa bado mfungwa. Mahakama ya rufaa ilikuwa imeagiza waathiriwa walipwe faranga za CFA zaidi ya bilioni 82, na Umoja wa Afrika uanzishe mfuko wa kukusanya fedha hizo. Serikali ya Chad ilianza kulipa sehemu tu mwaka 2024, na wengi walishakufa wakisubiri. Umoja wa Afrika uliitaka kesi hii kwa niaba yetu sote. Basi uwalipe waliobaki, wangali hai.