Kutoka Wodini Hadi Ushauri Nasaha

Kuhama kutoka huduma za afya kwenda ushauri nasaha au tiba ya kisaikolojia ni mabadiliko ya taaluma ambapo muuguzi, mkunga, tabibu au daktari hujifunza kutibu kwa mazungumzo. Kwa kawaida ushauri nasaha hushughulikia tatizo mahususi, kama msiba au ugomvi wa ndoa, kwa muda mfupi. Tiba ya kisaikolojia huchimba zaidi na huweza kuchukua miezi au hata miaka, ingawa kazi hizi mbili huingiliana.

Historia

Tiba ya kisaikolojia ilianzia kwa madaktari. Sigmund Freud wa Vienna alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, lakini mwaka 1926 aliandika kitabu akitetea wasio madaktari nao waruhusiwe kuifanya. Afrika Mashariki, ni janga la UKIMWI lililowaingiza wahudumu wengi wa afya katika kazi hii. Ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa VVU ulihitaji mtu wa kuzungumza na mteja kabla ya kipimo na baada ya majibu, na wauguzi wengi walifunzwa jukumu hilo.

Ujuzi na mazoea

Mhudumu wa afya huja na mtaji wake: amezoea kutunza siri, kukaa na wafiwa na kutambua dalili za mwili. Anajua, kwa mfano, kwamba wasiwasi na moyo kwenda mbio huweza kutokana na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hivyo atamtuma mteja akapimwe.

Kigumu ni kuacha mazoea. Wodini, mgonjwa akisema, "Silali usiku," muuguzi huuliza tangu lini, hupima presha, huangalia dawa anazotumia, kisha humpa maelekezo. Katika chumba cha ushauri, kauli hiyohiyo huweza kujibiwa kwa swali moja, "Ukiwa macho huwa unawaza nini?", kisha mshauri akanyamaza na kusubiri. Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers alijenga nadharia yake juu ya msimamo huo: mteja mwenyewe ana uwezo wa kuipata njia, na mshauri hamwamulii.

Mafunzo na usajili

Mafunzo huunganisha nadharia na vitendo chini ya msimamizi, ambaye hupitia na mwanafunzi kesi anazoshughulikia. Baadhi ya mikondo ya tiba humtaka mwanafunzi naye apitie tiba. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kusajili washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo leseni ya uuguzi pekee haimfanyi mtu kuwa mshauri. Uingereza, wanakofanya kazi wauguzi wengi kutoka Afrika Mashariki, sheria haimzuii mtu kujiita mshauri. Kwa hiyo waajiri na wateja hutazama uanachama wa vyama vya kitaaluma.

Mipaka ya kazi

Anayeendelea na kazi zote mbili hapaswi kumfanya mgonjwa anayemuuguza kuwa mteja wake wa tiba, kwa kuwa majukumu hayo hugongana. Anayefikiria kuhama aulize kwanza bodi au chama cha taaluma cha nchi yake kama kinakitambua chuo alichokichagua, ndipo alipe ada.