Okidi za Mitini, Walikale na Masisi

Okidi za mitini hushika gome kwa mizizi yake bila kuunyonya mti. Hunywa mvua na ukungu. Mwaka 1844 mtaalamu wa mimea Mwingereza John Lindley aliipa mojawapo, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, jina Ansellia africana. Enzi hizo wakulima wa bustani wa Ulaya walizifungia okidi zote katika vyumba vya joto kali na mvuke, na nyingi zikafa. Walisahau mwinuko. Mashariki mwa Kongo, msitu wa Walikale una joto, ilhali usiku wa milima ya Masisi ni wa baridi, na okidi za huko hudai ubaridi na hewa inayopita.

Kuanzia 1937 utawala wa Wabelgiji ulihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda. Msitu ukafyekwa kupata mashamba na malisho, na kila mti ulianguka na okidi zake, hasara isiyopewa uzito unaostahili.

Okidi iliyookotwa kwenye tawi lililoanguka hufungwa kwa kamba ya mgomba juu ya kipande cha gome, kivulini. Udongo wa shamba huiozesha. Mizizi ikilowa hugeuka kijani. Ikirudia weupe wa kijivu, humwagiliwa tena.