Pleya ya ngoma isiyoweza kuuzwa

Wasee wa Kongo na Kibera, PC nyingi huku mtaani ni za mtumba: RAM ndogo, na bando ni za kuhesabu. Kwa hivyo kuchagua pleya si mapambo. Cheki historia.

1997, Justin Frankel na Dmitry Boldyrev walitoa Winamp huko Marekani. Ilikuwa nyepesi, ikapendwa kila mahali. 1999, AOL wakainunua. 2013 wakatangaza wanaifunga, na mashabiki wakabaki kuomba tu, maana msimbo ulikuwa mali ya kampuni. 2014 ikauzwa tena, kwa Radionomy.

Sasa linganisha. Watu wa Linux walikuwa na XMMS, iliyofanana na Winamp, ila msimbo wake ulikuwa wazi. Ilipozeeka, wengine wakauchukua wakaunda Beep Media Player. Hiyo nayo ilipoachwa na wenyewe, 2005 ikazaliwa Audacious. Bado iko, hata kwa Windows, na ukitaka inavaa sura ya Winamp ya zamani. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa.

VLC, iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale Paris, iliwekwa chini ya leseni ya GPL mwaka 2001.

Maoni yangu? Ukitazama muvi pia, weka VLC. Ngoma pekee, weka Audacious. Bando ikiisha, nyimbo zilizo kwa diski zinaendelea kucheza. Halafu weka programu kwa flash, mpe jirani. Huo si wizi, leseni yenyewe inakuruhusu.