Swaneng Hill: Shule Iliyojengwa na Wanafunzi Wake

Shule ya sekondari ya Swaneng Hill ilifunguliwa mwaka 1963 karibu na Serowe, katika Botswana ya leo, iliyokuwa bado ikiitwa Bechuanaland. Ilianza na wanafunzi wachache na majengo ya kuhesabika kwa vidole. Mwanzilishi wake, Patrick van Rensburg, alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi katika ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Leopoldville, Kongo, akajiuzulu mwaka 1957 kwa kuupinga ubaguzi wa rangi. Yeye na mkewe Liz walihamia Serowe wakakuta watoto wenye kiu ya kusoma, na shule ya sekondari hakuna. Utawala wa Waingereza ulikuwa umeitelekeza elimu kiasi kwamba Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966, wananchi wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa 22 tu.

Fedha za kumlipa mkandarasi hazikuwapo. Wanafunzi, walimu na vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo wakashika sepetu na mwiko. Walichimba misingi, wakafyatua matofali, wakapandisha kuta za madarasa ambamo wao wenyewe wangesoma. Shida ya fedha ndiyo iliyowasukuma kwanza, lakini van Rensburg aliiona kazi hiyo kuwa elimu kamili. Uashi, useremala, ufundi wa vyuma na kilimo viliingia kwenye ratiba pamoja na hisabati na sayansi. Likaongezwa somo la maendeleo, lililomtaka mwanafunzi aulize kwa nini nchi yake ni maskini na nani ananufaika na jasho la nani. Nje ya darasa jibu mojawapo lilionekana: duka la ushirika, lililoanzishwa ili wakazi wa Serowe wasitegemee bei za wafanyabiashara wachache.

Hata hivyo, jambo ninaloliheshimu kuliko yote ni lile ambalo shule hii iliwafanyia wasiopata nafasi ndani yake. Kila mwaka vijana wengi walimaliza shule ya msingi wakabaki vijiweni. Mwaka 1965 ikaanzishwa brigedi ya waashi kwa ajili yao. Wanagenzi walijenga majengo ya kweli, kwa wateja waliolipa, huku wakitengewa muda wa kusoma darasani. Mapato ya kazi yakagharimia mafunzo. Kijana aliyekuwa ameambiwa ameshindwa alitoka akiwa fundi, na ukuta wake umesimama watu wakiuona. Zikafuata brigedi za wakulima, maseremala, wafumaji, watengenezaji wa ngozi na makanika, kisha mpango ukaenea sehemu nyingine za Botswana.

Si wote waliofurahi. Baadhi ya wanafunzi walichukia kazi ya mikono. Walikuwa wamekuja shuleni kulikimbia jembe, na wenzao wa shule nyingine hawakuulizwa kuhusu matofali. Siwalaumu. Nchi mpya ilihitaji makarani na maofisa, nayo iliwalipa vizuri. Mshahara huo ulivuta kuliko hoja yoyote ya mwalimu. Baada ya van Rensburg kuondoka kwenye uongozi wa shule, Swaneng Hill ilizidi kufanana na shule nyingine za serikali, na ndivyo inavyoendelea leo.

Van Rensburg alipata uraia wa Botswana mwaka 1973, akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1981, na kufariki mwaka 2017. Lakini historia ya Swaneng haikuandikwa na waheshimiwa peke yao. Bessie Head, mwandishi aliyeishi Serowe na kufanya kazi katika bustani ya Boiteko, mradi uliotokana na shule hii, alichapisha mwaka 1981 kitabu kuhusu mji huo. Alikigawa katika sehemu tatu: ya mtawala Khama III, ya mwanawe Tshekedi Khama na ya van Rensburg. Katika hiyo ya tatu aliwapa nafasi watu wa brigedi waeleze, kwa maneno yao wenyewe, jinsi kazi zao zinavyofanywa.