Dogo kachagua Nina



Najua nimepotea. Testi zilitubana, halafu wikiendi iliyopita nikakimbilia nyumbani Makutupora kula ugali wa bibi. (Kabla hamjauliza: sio ile Makutupora ya treni ya SGR, ile iko Manyoni, Singida. Yetu ni hii ya Dodoma, njia ya kwenda Kondoa, ya zabibu na kambi ya JKT.)

Basi nafika, namkuta mdogo wangu wa darasa la sita kajikunyata nyuma ya jiko, macho mekundu. Kulikoni? Alikuwa kwenye kibanda cha gemu, wanacheza Tekken 3, akamchagua Nina. Wakubwa wakaanza, "dogo demu, dogo demu", na jina likamfuata mpaka shuleni. Baba mdogo aliposikia akaweka na lake: mtoto wa kiume anajifanya mwanamke, kuanzia leo kibandani marufuku.

Nakiri kwanza nilicheka. Halafu nikakumbuka kitu. Wale wakubwa wanaomzomea, nawajua wote, na wote wanamchezesha Nina! Yule dada yumo tangu Tekken ya kwanza ya 1994, ana mateke ya haraka, na akikushika mkono ujue umevunjika. Pale kibandani ukiuliza "una nani?" mtu anajibu "nina Nina", na utani huo hauchuji. Sasa kosa la dogo liko wapi? Nikamdadisi taratibu mpaka ikatoka. Wakubwa wanasema "namchezesha Nina", tena wanaongeza kwamba wamemchukua ili wapate cha kuangalia. Dogo yeye alipiga kelele, "Mimi ndio Nina!"

Nimekaa na hilo neno wiki nzima, wadau. Kumchezesha na kuwa.

Mimi mwenyewe nimekulia kibanda kilekile. Nilikuwa natoa mia, nashika pedi (na jina lenyewe hilo, wavulana wanaishika kutwa nzima bila aibu, lakini usithubutu kuitaja ile nyingine mbele yao), nacheza mpira. Nimekuwa Drogba, nimekuwa Ronaldo, nimekuwa na ndevu na kifua cha chuma. Hakuna aliyeniita dume. Si kwamba walikuwa waungwana, ni kwamba hakukuwa na kitu kingine cha kuchagua. Timu za wanawake ziliingia kwenye gemu za FIFA kwa mara ya kwanza kwenye FIFA 16, iliyotoka Septemba 2015. Timu 12 za taifa, na katika hizo hakuna hata moja ya Afrika! Wakati huo Twiga Stars wetu walishacheza fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010. Klabu za wanawake nazo zikasubiri mpaka FIFA 23, mwaka 2022. Kwa hiyo msichana aliyetaka kucheza mpira wa kwenye luninga ilibidi awe mwanaume, na wala haikuonekana kuwa ni jambo la kuandikwa.

Kwenye gemu za kupigana mambo yalianza mapema kidogo. Street Fighter II ya 1991 ilikuwa na wapiganaji wanane wa kuchagua, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Chun-Li. Lara Croft wa Tomb Raider akaja 1996, naye alitengenezwa na Waingereza ambao mwanzoni walikuwa wamechora mwanaume.

Ila kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha Metroid ya 1986, ya Wajapani. Unacheza na mtu aliyevaa vazi la chuma kuanzia kichwani hadi miguuni, anaitwa Samus. Kijitabu cha Kiingereza kilimtaja kwa neno la kiume. Ukimaliza gemu haraka, mwishoni anavua vazi, kumbe mwanamke! Vijana wengi wa Ulaya na Marekani walipata mshtuko: wamekuwa mwanamke miezi yote ile bila kujua. Sasa mimi najiuliza, kijitabu kile kingeandikwa Kiswahili ingekuwaje? Samus anaruka, anapiga, amefika. Kiswahili hakimwambii mtu kama ni wa kiume au wa kike. Wasingehitaji kudanganya, na siri ingetunzwa na sarufi yenyewe. Walimu wangu wa Kiswahili hamkuwahi kutuambia kama lugha hii ina uchawi huo!

Wenzetu wamelichunguza hili hadi kwa namba. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa wachezaji 375 wa World of Warcraft, gemu ya kwenye intaneti. Asilimia 23 ya wanaume walichagua mhusika mwanamke, lakini wanawake waliochagua mwanaume walikuwa asilimia 7 tu. Na wale wanaume, pamoja na nywele ndefu walizochagua, mwendo uliwaumbua: waliruka-ruka sana, walirudi kinyumenyume, walikaa mbali na wenzao. Kwa maneno mengine walikuwa wanamchezesha tu. Sijui wangesemaje juu ya dogo.

Haya, sasa turudi Ugogo, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Muhula uliopita kwenye semina ya historia nilisoma makala ya 1968 ya Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyekaa na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anaeleza kwamba nchi ikiharibika, kwa mfano ng'ombe wakipata ugonjwa, wanawake ndio waliopewa kazi ya kuitengeneza. Na waliifanyaje? Walivaa mavazi ya wanaume. Walibeba silaha za wanaume na fimbo za kuchungia, wakatoka na ng'ombe malishoni, kazi ambayo siku za kawaida ni ya wanaume. Walicheza ngoma kwa nguvu, wakaifukuza ile mikosi kuelekea magharibi, hadi mpakani, wakaitupe huko. Maelezo ya Rigby ni kwamba mambo yamegeuka juu chini, basi na watu wanageuka, ili yarudi mahali pake.

Someni tena hapo, wadau. Ugogo ninaousema ni huuhuu, ambao baba mdogo anasema mwanaume ni mwanaume na mwanamke ni mwanamke tangu mababu! Na walikuwa hawaendi kutafuta cha kuangalia. Mali yote ya Mgogo ilikuwa inasimama kwa miguu minne, inakufa. (Halafu mtu anayeshangaa wanawake kushika mambo ya wanaume aje aangalie ngoma ya muheme, aone nani ameibana ngoma mapajani na nani anaipiga.)

Niseme ukweli, sio kitu kilekile. Wale ni wanawake waliobeba vya wanaume, na dogo amekwenda upande wa pili, ambao siku zote unachekwa zaidi. Kupanda huwa kunasamehewa. Kushuka hapana, na nani aliamua kwamba huku ni chini, hilo sijalikuta kwenye makala yoyote.

Jioni nikamsomea bibi niliyoyaandika kwenye daftari. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. Akasema yeye alikuwa mtoto mdogo, lakini mama yake alikwenda, na alirudi miguu imejaa vumbi, sauti imekauka, hakutaka kusemeshwa. Nikamuuliza, "Bibi, wanaume walicheka?" Akaniangalia kama vile nimeuliza upuuzi. "Wacheke nini, na ng'ombe ni wao?"

Kisha akamgeukia dogo. "Na huyo mwanamke wako, alishinda?"

"Alishinda, bibi. Mara tatu."

"Sasa unalia nini?"

Jumapili nilimwomba baba mdogo ruhusa, nikamwambia nitakwenda naye mwenyewe. Alinung'unika, akakubali. Kibandani walinyamaza tulipoingia, maana dada mtu wa chuo anaogopwa kidogo, he he! Nikalipa mia nne, nikamchukua Paul Phoenix, yule wa nywele zilizosimama. Dogo akachagua Nina bila kuniangalia usoni. Kanipiga raundi ya kwanza, kanipiga ya pili, ya pili sikumgusa hata mara moja. Mwenye kibanda akanyoosha mkono kuchukua pedi yangu, akampa anayefuata kwenye foleni.

"Dada pisha," akasema. "Nina anabaki."